Mikoko Juu ya Kitanda cha Bi Mejumaa

Mustakabali uliingia Kibokoni, Mji wa Kale wa Mombasa, siku ya Jumanne asubuhi, umepakiwa kwenye mkokoteni, unanuka tope la hori ya Tudor. Aliyeusukuma alikuwa Masha, mwanamume wa makamo mwenyeji wa Kaloleni. Kila alipofika penye kona ya kichochoro ilimbidi ateremshe ndoo tatu ili mkokoteni upite, kisha azipandishe tena. Wanywa kahawa wa barazani wakamuuliza tope lile lapelekwa wapi. Akasema ghorofani. Wakamuuliza la kazi gani. Akasema yeye hulipwa kwa ndoo, halipwi kwa maelezo, ila amesikia kwamba ni sanaa.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya urithi. Chini alikaa Hadi Salem, fundi chokaa, pamoja na mkewe Saadia na mamake, Bi Mejumaa. Ghorofa ilikuwa fungu la binamu yake Ziad, aliyekuwa Maskati akiuza magari, na ambaye aliikodisha kwa miezi sita kwa mradi uitwao Mombasa ya Kesho. Hadi alipompigia simu kuuliza hao wapangaji ni watu wa namna gani, Ziad alimtoa wasiwasi. Ni wasanii, watu wapole, wengine hata nyama hawali. Na mtu asiyekula nyama, alisema Ziad, atamdhuru nani?

Wasanii walikuwa saba, wamekusanywa wakae pamoja wafikirie jinsi binadamu atakavyoishi duniani bila kuiharibu. Walifikiri kwa bidii, na aghalabu walianza mwendo wa saa tano asubuhi, baada ya kuamka. Mmoja aliunda samaki mkubwa kwa vifuniko vya chupa, na vifuniko vilipomwishia alinunua katoni nzima ya soda akazimwaga ili apate vingine. Mwingine alikwenda ufukwe wa Mama Ngina kila jioni kurekodi sauti za watu wakitafuna mihogo ya kukaanga, kwa kuwa, alisema, sauti hizo zitakuja kutoweka. Lakini aliyewashinda wote ni Jared, msanii wa Nairobi mwenye sauti ya taratibu na ndevu za kuchongwa. Jared alipiga hesabu akaona kwamba miaka hamsini na kitu ijayo bahari itakuwa imepanda hadi ghorofani. Kwa hivyo ni busara mikoko ifunzwe mapema kuishi ghorofani.

Huko juu, mbele ya vyumba, palikuwa na sakafu wazi ambayo tangu enzi za babu ilikuwa ya kuanikia nguo na tende. Jared akatandika turubai sakafu nzima, akajenga ukingo wa mawe, akamwaga tope, akapanda miche ya mikoko mia mbili. Maji yakavutwa baharini kwa mapipa. Na kwa sababu mikoko halisi huzoea maji kupwa na kujaa, Jared akalitoboa turubai makusudi, ili mara mbili kwa siku maji yashuke yenyewe, kisha yajazwe upya. Yalikoshuka hakukumhusu. Sanaa yake ilikuwa juu.

Chini yake palikuwa na unene wa chokaa, safu ya boriti, na chumba cha Bi Mejumaa.

Bi Mejumaa alikuwa akikaa eda. Mumewe, Mzee Salem, alifariki katika chumba hicho hicho, na mjane hukaa miezi minne na siku kumi katika nyumba aliyoachwa na mumewe, hatoki ila kwa dharura. Siku mkokoteni wa kwanza ulipofika zilikuwa zimebaki siku arobaini na moja. Alizihesabu kwa kokwa za tende ndani ya kikombe, na hakuna aliyemwona akilalamika, wala kwa joto wala kwa upweke.

*

Fundi hahitaji kuambiwa. Hadi alisimama kichochoroni akazitazama ndoo zikipanda ngazi. Alimuuliza Masha ni ngapi kwa jumla.

"Mia tatu na kumi," alisema Masha. "Na bado maji."

Hadi alijua uzito wa ndoo moja ya tope: ni sawa na mtoto wa darasa la tatu. Basi shule nzima ya msingi ilikuwa ikipandishwa juu ya kitanda cha mamake, ikasimame hapo mpaka maonyesho. Uzito ulikuwa nusu ya shari. Nusu ya pili ilikuwa chumvi. Chokaa ikinyweshwa maji ya bahari kila siku hulainika, na ikilainika boriti hubaki hazina kinachozishika.

Saadia alimwambia apande sasa hivi akawaambie watoe tope lao. Hadi akasema atapanda. Lakini mtu hapandi kwa wageni mikono mitupu, hata akienda kuteta. Basi siku ya pili alikwenda kununua halwa ratili moja, akavaa kanzu iliyopigwa pasi, akapanda ngazi za nyumba ya babu yake akabisha hodi kama mtu aliyekuja kuposa.

Alipokewa kwa furaha kubwa. Msimamizi wa mradi, Bi Everlyne, alikuwa mama mchangamfu aliyevaa vitambaa vingi, na aliposikia kwamba mzee huyu ni fundi chokaa na mwana wa fundi chokaa alishika kifua. Wiki tatu nzima, alisema, walikuwa wakitafuta sauti ya mwenyeji. Kabla Hadi hajamaliza kuuliza hali za wazee wao huko walikotoka, alikuwa ameshakalishwa kwenye kigoda karibu na dirisha, na Jared yuko nyuma ya kamera.

Ikambidi aseme mbele ya kamera. Hadi aliona si vibaya, bali ni vizuri, maana maneno yaliyorekodiwa hayakanushiki. Akaanza kwa bismillahi. Akawakaribisha wageni Mombasa. Akawashukuru kwa kuipenda nyumba. Akaeleza mawe ya chokaa yalivyokuwa yakichomwa, na babu yake alivyokuwa akiionja chokaa kwa ncha ya ulimi. Dakika ya kumi na nne (Saadia angekuwepo angekuwa ameshampiga kiwiko) ndipo akafika kwenye shida.

"Sasa, kwa hisani yenu," alisema, "chokaa haipendi chumvi. Na boriti ikielemewa hulia kwanza. Mukiisikia yalia, mujue nyumba yataka kulala."

 Bi Everlyne alifuta jicho. Jared akamwomba ayarudie maneno hayo akitazama dirishani, kwa sababu ya mwanga. Hadi akayarudia. Wakamwomba mara ya tatu, taratibu zaidi, mkono mmoja ukiwa ukutani, na kwa kweli mara ya tatu ndiyo iliyotoka vizuri. Akatia sahihi fomu mahali panne, akiamini kwamba ameandikisha malalamiko. Wakamsindikiza hadi mlangoni, wakampa mfuko wa kitambaa wenye jina la mradi.

Saadia aliuchukua ule mfuko, akautazama ndani.

"Watoa tope lini?"

Hadi akasema hawakutaja siku, lakini wamesikia, na wameguswa sana. Watu walioelimika wakishaguswa hawakosi kuchukua hatua.

"Mume wangu," alisema Saadia, "umekwenda kuteta umerudi na mfuko."

Akautia vitunguu, akautundika jikoni.

*

Hatua iliyochukuliwa ni kuongeza miche hamsini.

Hadi alipanda tena mara mbili, na mara zote alipewa chai ya mchaichai na kusikilizwa kwa makini kuliko alivyowahi kusikilizwa maishani. Alimpigia simu Ziad. Ziad alisema kodi imelipwa yote, hawezi kuwatoa watu kwa sababu ya maua. Mtu mmoja barazani alimshauri awaite wakaguzi wa majengo. Hilo Hadi hakulitaka hata kulisikia. Wakaguzi wangekuja na ndoo ya rangi nyekundu, wapige alama kubwa ukutani, na alama ile hainyooshei kidole sakafu ya Ziad peke yake. Ingewatoa wote, pamoja na mjane mwenye eda, ndani ya siku saba.

Wiki ya tatu maji yakaanza kudondoka. Tone la kwanza lilimwangukia Bi Mejumaa kwenye mkono akiwa anavuta tasbihi, akalionja.

"Hadi," alisema, "maji haya yana chumvi."

"Ni ya nguo, mamangu. Wamefua, wakaanika."

"Nguo za bahari?"

Hadi akasema wasanii wengine hufua kwa chumvi ili rangi isitoke. Bi Mejumaa aliupangusa mkono kwa leso. Alisogeza kitanda kidogo, akaweka bakuli.

Siku ya pili Hadi alileta nguzo mbili nene, akazisimamisha katikati ya chumba, akazikaza juu kwa kabari. Alifanya kazi hiyo akiimba qasida chini kwa chini, jambo ambalo hakuwa na kawaida nalo. Mamake akamuuliza nguzo ni za nini.

"Za chandarua," alisema Hadi. "Mbu wamezidi."

Bi Mejumaa alizitazama kabari, akamtazama yeye, kisha akarudi kwenye tasbihi yake.

Jikoni, Saadia hakumwacha. Alikuwa ameshakwenda kwa mwalimu wa madrasa kuuliza, na mwalimu alimwambia wazi kwamba eda haikuwekwa ili iue mtu. Mwenye kujua akisema nyumba si salama, mjane anahamia penye salama na kumaliza siku zake huko, hana dhambi. Dadake Hadi, Rukiya, alikuwa na chumba kitupu kule Bondeni, na kilikuwa kimeshafagiliwa.

"Na mwenye kujua ni wewe," alisema Saadia. "Mwambie. Mwambie leo hii, tumpeleke alfajiri, kabla jua halijatoka."

"Kesho," alisema Hadi.

Ukweli ni kwamba aliona haya. Alikuwa amezoea kumwambia mamake mambo mema tu, na mabaya humfikia mwenyewe baadaye, yakiwa yameshapoa. Isitoshe, nyumba ile ni yeye aliyeipokea kwa babake mkono kwa mkono, akiambiwa: itunze. Atamwambiaje mjane wa Mzee Salem kwamba dari la Mzee Salem laanguka, na mwanawe fundi yuko chini yake ameshika kabari? Basi akafanya hesabu ya kifundi. Nguzo mbili, zitaongezwa mbili, na siku zilizobaki si nyingi. Zikishika mpaka eda iishe, mama atatoka kwa heshima na udi, wala hatajua kitu. Kesho ikazaa kesho nyingine. Saadia hakusema kwa Bi Mejumaa, kwani habari ya mama na mwanawe, mkwe haiingilii, lakini alianza kumpikia Hadi wali bila mchuzi.

*

Zilipobaki siku tisa, ikawa ndiyo Jumamosi ya maonyesho.

Wageni walianza kupanda baada ya sala ya alasiri. Walikuja na kofia pana na miwani myeusi, wengine wametoka Nairobi asubuhi hiyo hiyo kwa ndege ili waje kuhuzunika juu ya moshi. Walipewa maji ya ukwaju ndani ya vifuu. Bi Everlyne alikuwa amemwalika Hadi kwa kadi, naye akaenda, kwa sababu kukataa mwaliko ni ufidhuli.

Kitu cha kwanza alichokiona ni maneno yake mwenyewe. Yalikuwa yameandikwa ukutani, herufi za urefu wa mkono, kwa lugha tatu: Mukiisikia yalia, mujue nyumba yataka kulala. Chini yake, kwa herufi ndogo, pameandikwa "Mwenyeji". Jina lake halikuwepo. Pembeni, kwenye kioo cha televisheni, uso wake ulikuwa ukisema na kurudia kusema, na bibi mmoja aliyevaa vipokea sauti vya masikioni alikuwa akilia machozi ya kweli. Hadi alisimama nyuma yake akajitazama akiwakaribisha wageni Mombasa.

Saa kumi na moja na nusu, Jared akawaita watu wote watoke nje kwenye sakafu wazi wakashuhudie maji yakijaa. Walikuwa kama sitini. Wakajipanga baina ya mikoko, bega kwa bega, na pampu ikaanza kunguruma.

Ndipo Hadi akaisikia. Ilikuwa sauti fupi na kavu, kutoka chini ya miguu, na hakuna mwingine aliyegeuza shingo. Alimwendea Bi Everlyne akamshika mkono, yeye ambaye hakuwahi kumshika mkono mwanamke asiye wake.

"Bibi, watoe watu. Boriti yalia."

Bi Everlyne alimtazama kwa upendo. "Sema kwa sauti, mzee," alimwambia. "Wacha wote wasikie."

Hadi akapaza sauti. Aliwaambia washuke, sakafu yaanguka, na safari hii hakuanza kwa salamu wala shukrani. Wakamsikiliza kwa heshima, kisha wakapiga makofi. Bwana mmoja aliyekuwa karibu alimwomba arudie, kwani simu yake ilikuwa haijaanza kurekodi.

Hadi aliteremka ngazi mbili mbili. Njiani alimkuta Masha akibeba pipa, akamwambia alitupe. Waliingia chumbani na kumkuta Bi Mejumaa amekaa kitandani, na vumbi jeupe likimiminika kwenye mtandio. Magoti yake hayakuweza haraka. Na Masha ni mwanamume wa kando, si jamaa wa damu, hawezi kumgusa. Basi Saadia akamfunika leso mbili, moja ikimziba uso kutoka kichwani hadi kifuani, wakamkalisha kwenye kiti, na Hadi na Masha wakakinyanyua kiti kwa miguu yake. Bi Mejumaa hakuuliza kitu. Alishika pande mbili za kiti, wakamtoa hivyo mlangoni, mjane mwenye eda, mchana kweupe, mbele ya baraza iliyojaa wanaume.

Wanaume wa baraza waliinuka wakageuka ukutani. Huko juu hawakugeuka. Mtu mmoja alichungulia kichochoroni, akawaambia wenzake kwamba onyesho limehamia chini. Habari ikapita kati ya mikoko upesi kuliko maji. Wakateremka wote sitini, wakisukumana ngazini, simu zikiwa juu, wakamwagika kichochoroni, wakakizunguka kiti. Hadi alikuwa akiomba njia na hakuna aliyempa. Msichana mmoja alichutama mbele ya Bi Mejumaa akamwomba, kwa Kiswahili kizuri cha kujifunza, aifunue leso kidogo tu, kwa ajili ya mwanga.

Hapo dari likashuka. Halikupiga kelele nyingi, lilitoa kishindo kizito cha gunia la mchele linapotupwa, kisha dirisha la chumba likatema vumbi, na maji ya chumvi yakafuata mlangoni yakiwa na miche. Kitanda hakikuonekana tena.

Mtu mmoja alianza kupiga makofi, mwenzake akamshika mikono. Kisha wote wakaelewa, mmoja baada ya mwingine, wakakaa chini palepale kwenye mawe. Hakuna aliyejeruhiwa. Kama wasingekimbilia kumpiga picha bibi kizee, wangekuwa ndani ya chumba chake. Jared alilia sana, na ilipobainika sababu, ni kwamba miche ilikuwa imekaribia kutoa majani ya pili.

*

Wakaguzi wa majengo walikuja Jumapili na rangi yao. Ziad alipiga simu kuuliza ni nani atakayelipa sakafu. Bi Everlyne alituma ujumbe mrefu: wafadhili wameguswa kuliko walivyowahi kuguswa, na wanaomba kifusi kisiondolewe, kiachwe kilivyo, maana kinasema mengi. Picha ya kiti ilikuwa imeshaenea. Rukiya aliiona kwa simu ya jirani, naye akaificha kwa mamake, lakini Bondeni si pahala pa kuficha kitu.

Siku mbili Bi Mejumaa alikaa kwa Rukiya. Alisali, akala kidogo, akalala kwenye chumba kile kilichofagiliwa. Siku ya tatu, zikiwa zimebaki sita, alimwita Hadi, akamwambia akae kitako.

"Ulijua toka lini?"

Hadi alitazama mkeka. "Toka ndoo za kwanza, mamangu."

"Ukamwambia nani?"

Akaanza kuwataja. Aliwaambia wasanii, mara tatu, na kwenye kamera. Alimwambia Ziad. Saadia alijua, Masha alijua. Wale wageni sitini aliwaambia kwa sauti kubwa, na mpaka ukutani maneno yake yaliandikwa. Kadiri alivyowataja ndivyo sauti yake ilivyopungua.

"Nimekaa na fundi miaka hamsini na mbili," alisema Bi Mejumaa. "Nguzo ya chandarua naijua, na nguzo ya dari naijua. Nalikuwa nakungoja weye tu useme. Ungelisema, ningelinyanyuka alfajiri, nikavaa buibui langu, nikatoka kwa miguu yangu, na hapana mtu angeliniona. Watu wote uliwambia, Hadi. Mimi hukunambia."

Hadi alinyanyua mkono kutaka kuushika wa mamake. Bi Mejumaa aliivuta leso akajifunika uso, kama mwenye eda ajifunikavyo mbele ya mwanamume wa kando.